Mafumbo ya Ngurdoto

Siwema aliutambua mkono kabla hajauona uso. Ulikuwa umeegemezwa kwenye dirisha la Land Rover ya kijani iliyosimama mbele ya duka la baba yake pale Kaloleni, shati la kaki limekunjwa hadi kiwikoni, vidole vikigonga bati la mlango polepole. Mkono ule aliujua. Kwa miezi mitatu alikuwa akijitahidi kuusahau, na kama kusahau kungekuwa kazi ya kuajiriwa, Siwema angekuwa amefukuzwa siku ya kwanza.

"Ndilo gari letu," alisema Shangazi Maulida kwa majivuno, akijitanda ushungi. "Twende, mwanangu. Tusimweke mgeni kwenye baridi."

Mgeni mwenyewe alikuwa Abasi, kijana wa Pangani mwenye duka la vipuri vya baiskeli Tanga mjini. Aliwasili juzi yake kwa basi, na kikapu cha samaki wakavu na nia ya kuposa. Neno lenyewe la kuposa hakuna aliyelitamka mbele ya Siwema, ila nyumba nzima ilinukia hilo na samaki. Baba yake, Mzee Abdulrahman, alisema jambo moja tu: watoto watembee, waonane, na jioni kila mmoja aje na neno lake. Matembezi aliyabuni shangazi. Haiwezekani, alisema, mtu atoke Tanga mpaka Arusha arudi bila kuviona vya Arusha, wenzake watamcheka.

Basi akaenda mwenyewe kwenye ofisi moja ya utalii. Miaka ile ofisi hizo zilikuwa zimeota mjini kama uyoga. Kila mwenye gari na simu ya mezani alikuwa na kampuni, na waliokuwa jana wakipanga foleni ya sabuni leo walikuwa wakijifunza kusema "karibuni" kwa Kijerumani. Shangazi alidai apewe dereva mwenye adabu na asiyekunywa. Kwa bahati au kwa balaa, dereva wa namna hiyo pale ofisini alikuwa mmoja tu, na jina lake Ephraimu.

Ephraimu aliteremka kufungua milango. Alipomwona Siwema alisita. Kisha akamwamkia shangazi shikamoo, akampa Abasi mkono, na mbele ya Siwema akainamisha kichwa kidogo.

"Karibu, dada," alisema.

Siwema aliingia kiti cha nyuma. Ameitwa majina mengi na mtu huyu, mengine hayasemeki mbele za watu, lakini hakuna lililomuuma kama hilo la dada.

Alimfahamu mwaka juzi. Ephraimu alikuja dukani kununua kitambaa cha kaki, akarudi kununua uzi, akarudi kununua vifungo, na akaendelea kurudi kwa ajili ya vifungo mpaka ikawa wazi kwamba hakuna shati duniani linalohitaji vifungo vyote vile. Wakapendana. Lakini Ephraimu alikuwa Mmeru wa Nkoaranga, mtoto wa mzee wa kanisa, na Siwema alikuwa binti wa Abdulrahman asiyekosa safu ya mbele msikitini. Kwa hiyo mapenzi yao wakayaweka uvunguni. Mwezi wa nne, Siwema akipita mjini na wanawake wa mtaani kwao, Ephraimu alikuwa amesimama kando ya Mnara wa Saa akamwita kwa jina, kwa furaha ya mtu aliyesahau kidogo kwamba ni siri. Shoga mmoja akauliza yule ni nani. "Simjui," Siwema akasema, na hakusema kwa sauti ndogo.

Jioni ile walionana mara ya mwisho. Ephraimu hakugomba. Alisema yuko tayari kukataliwa na baba yake mwenyewe, yuko tayari kukataliwa na baba yake Siwema, yuko tayari kungoja na kukaa na wazee usiku na mchana kuhusu habari ya dini, lakini hayuko tayari kuwa mtu asiyejulikana. "Siku utakapoweza kunitaja mchana, mbele ya watu wako, nitafute," alisema. Siwema hakumtafuta. Alimwogopa baba yake, naam, lakini zaidi ya kumwogopa alimpenda. Tangu mama yake afariki, mzee yule ndiye aliyemsuka nywele kwa vidole vyake vizito, vibaya mno, mpaka alipojifunza.

Na mahali pa kwanza walipopelekwa siku ile kutembezwa, palikuwa wapi kama si Mnara wa Saa.

Ephraimu aliegesha pembeni, akaanza kazi yake. Alieleza kwa sauti ileile anayoitumia kwa wageni wake wa Ulaya, kwamba wenyeji husema hapa ni nusu ya safari kati ya Cape Town na Cairo.

"Ukisimama hapa, hujafika na hujaondoka," alisema, macho yake yakimtafuta Siwema kwenye kioo kidogo cha mbele. "Wapo waliosimama hapa mpaka leo."

"Wanangoja nini?" aliuliza Abasi.

"Ndilo ninalojiuliza kila nikipita, bwana."

Siwema damu ilimpanda. "Pengine gari lao halijafika," alisema.

"Gari lilifika, dada. Likawapigia hata honi. Wakasema hawalijui."

Abasi alimtazama dereva, akaitazama saa ya mnarani, kisha akatulia. Shangazi akauliza yale maua pale chini hupandwa na nani.

Kwenye makumbusho ya Boma, lile jengo la Wajerumani lenye kuta nene, shangazi alibishana na mafuvu ya watu wa kale. Alisema yeye binafsi hakutokana na kitu cha namna hiyo na hatazungumza zaidi, akatoka nje kukaa kwenye ngazi. Abasi alicheka kwa heshima. Alikuwa mtu mwenye heshima, na hilo lilimsumbua Siwema kuliko yote. Angekuwa mjuba au mwenye kujisikia, kazi ingekuwa nyepesi. Lakini Abasi alimshika shangazi mkono kila penye ngazi, alimuuliza Siwema maswali na akangoja majibu, na alitetemeka kwa baridi ya Julai bila kulalamika hata mara moja.

Walipopita Tengeru, Ephraimu alimwonea huruma. Akanyoosha mkono nyuma ya kiti chake akavuta sweta la bluu, akampa.

"Vaa, bwana. Huko tuendako ukungu hauna simile."

Siwema aligeuzia uso dirishani. Sweta lile alilifuma yeye, kwa siri, chini ya kaunta ya duka, na bega la kushoto lilikuwa na kosa analolijua yeye peke yake.

"Sweta zuri," alisema Abasi, akilinyoosha kifuani. "Nani kakufumia?"

"Mtu mmoja aliyekuwa hapendi nipate baridi."

"Yuko wapi?"

"Yupo. Ila siku hizi anaona baridi ni shauri langu mwenyewe."

Shangazi akamnong'oneza Siwema kwamba kijana huyu anaongea kwa kuzungukazunguka, na kwa uzoefu wake dereva akianza kuzungukazunguka anataka bakshishi. Siwema akaitikia kwamba labda. Alikuwa akilitazama bega la kushoto la Abasi, akikaribia kulia.

Ngurdoto waliikuta ukungu ukiinuka. Ephraimu aliwapandisha mpaka ukingoni mwa kreta, chini ya miti iliyojaa kuvu na mbega, na pale akawaonyesha bonde lote kule chini: majani, madimbwi, mbogo wadogo kama siafu. Hata shangazi alinyamaza. Siwema alizaliwa Arusha na amekulia Arusha, na mlima Meru ameuona kila asubuhi akifungua duka, lakini hapa hajawahi kufika. Mara nyingi Ephraimu aliahidi kumleta. Sasa amemleta, na mchumba.

"Tunashukia wapi?" aliuliza Abasi.

"Hatushuki, bwana. Kreta hii ni ya kutazama tu. Hairuhusiwi kushuka."

"Nani kakataza?"

"Wakubwa. Wameona ndiyo salama. Sisi wengine tunatazama kutoka ukingoni, tunarudi nyumbani."

Siwema alikuwa ameapa hatasema kitu. Lakini ulimi hauna mfupa. "Na kama wanyama wenyewe wangependa mtu ashuke?"

Ephraimu aligeuka. Kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama bila kioo, na uso wake ulikuwa umekonda kuliko alivyoukumbuka.

"Wanyama hawajawahi kusema, dada," alijibu polepole. "Wangesema, ningeshuka hata kwa magoti."

Siwema alishika shina la mti lililo karibu. Alitaka kumwambia kwamba kila asubuhi kwa miezi mitatu alikuwa akitazama Land Rover zote za kijani zinazopita dukani. Alitaka kuyasema hayo na mengine, lakini shangazi alikuwa karibu, akihema, akiuliza kama mbogo hupanda milima. Ephraimu akamjibu kwa adabu zote, akawaongoza kurudi garini.

Kosa la Ephraimu lilikuwa hili. Alidhani amejificha. Mtu wa bara anaposema fumbo hujisikia amelifunga vizuri kwa kamba, na huenda kweli wazungu wake hawakuwahi kulifungua. Lakini leo alikuwa amelifumba mbele ya mtu wa Pangani. Kule kwao mtoto hutumwa chumvi kwa fumbo na akileta sukari hapewi chakula.

Huko Momella anga lilikuwa limetakata. Maziwa mawili yalikaa jirani, moja lina rangi ya kijani iliyopauka na jingine limeiva buluu, na humo maelfu ya ndege wa heroe walisimama kwenye maji ya kina kifupi, wekundu mpaka macho yanauma. Ephraimu alieleza kwamba maziwa haya, ingawa yamekaa mlango kwa mlango, kila moja lina chemchemi yake chini ya ardhi, ndiyo maana maji hayafanani.

"Na hawa ndege ni wa ziwa lipi?" shangazi aliuliza.

"Ni wa yote mawili, mama. Wao hawaulizi maji ya nani."

Abasi akavua shingoni darubini aliyoazimwa na dereva, akampa shangazi, akamwomba Ephraimu amsogeze pale kwenye kichuguu awaone twiga vizuri. Walipokwisha kuondoka, alisimama kando ya Siwema, si karibu sana, akitazama majini.

"Bi Siwema," alisema, "tangu asubuhi mnasemeshana kwa mafumbo mbele yangu."

Siwema akarudi nyuma hatua moja.

"Usiogope, sikukasirika. Nilikasirika pale Mnara wa Saa, lakini imekwisha. Pale kreta nilimwonea huruma." Akalishika sweta kwenye bega la kushoto, pale alipomwona Siwema akipatazama. "Na hili nani kafuma, sitakuuliza."

"Nisamehe, kaka Abasi. Sikujua kama ni yeye atakayekuja. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua usingekubali kupanda gari lile." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Sasa nisikilize. Pengine unatarajia nikifika nyumbani nimwambie mzee kwamba hatukuelewana, mambo yaishe kimyakimya, nawe uendelee kusimama katikati ya njia. Sitafanya hivyo. Nitakuwa nimesema uongo, maana mimi nimekupenda."

"Kaka Abasi..."

"Ngoja nimalize. Ukimtaja yeye mbele ya baba yako, mimi nitarudi Tanga na roho safi. Usipomtaja, jioni hii ninaposa, na sitauliza tena habari ya mtu yeyote. Mimi si malaika, Bi Siwema. Mtu asipodaiwa na mwenyewe, huchukuliwa."

Alisema kwa upole, bila kutisha, na ndiyo maana maneno yale yalimwingia Siwema mpaka kwenye mifupa. Siku zote alidhani adui wake ni baba, au dini, au maneno ya watu wa Kaloleni. Sasa mtu mwema kabisa alikuwa amemwonyesha kwamba njia ilikuwa imezibwa na neno moja ambalo yeye mwenyewe amekataa kulitoa mdomoni.

Njia ya kurudi, shangazi pekee aliongea, akihesabu atakayoyasimulia msibani na harusini mwaka mzima. Siwema alitazama shingo ya Ephraimu, mstari wa jua kwenye kola yake. Alijaribu kulitamka jina kimoyomoyo mbele ya baba. Kila mara sura ya mzee ilimjia, na jina likakwama.

Kule Tengeru shangazi alitaka ndizi. Soko lilikuwa limechangamka, wakashuka wote, wakachagua mkungu, Ephraimu akaubeba akautupia nyuma ya gari. Shangazi akapanda. Abasi akashika mlango wa nyuma akamngoja Siwema apite, kama alivyofanya siku nzima.

Siwema hakupita. Alizunguka gari, akafungua mlango wa mbele, akakaa.

"Siwema," shangazi alisema, "huko ni kwa dereva."

"Najua, shangazi."

"Basi rudi huku."

Ephraimu alikuwa amekwisha kukaa kwenye usukani. Hakuthubutu kugeuza kichwa.

"Ephraimu," alisema Siwema, na sauti yake ikatetemeka mwanzoni halafu ikasimama, "twende nyumbani."

"Jina la dereva umelijulia wapi?" aliuliza shangazi.

"Dukani kwetu, shangazi. Tangu mwaka juzi."

Abasi aliingia, akafunga mlango taratibu. "Mama, hebu sogea kidogo na mimi nikae," alisema, kana kwamba hilo ndilo jambo pekee lililotokea.

Ephraimu alitia gia, akakosea, gari likakoroma watu sokoni wakageuka. Akatia tena. Walipokwisha kushika barabara ya lami, shangazi akapata sauti yake. Alimlaumu Siwema, akamlaumu dereva, akailaumu ofisi iliyosema ana adabu, akajilaumu mwenyewe kwa kubuni matembezi. Aliuliza ikiwa wanajua wanachotaka kukifanya, huyu wa kanisani na huyu wa msikitini, na watoto wataswali wapi. Ulikuwa ukweli mtupu, na hakuna aliyembishia.

"Utamweleza nini baba yako?" alimaliza, sasa akilia.

"Jina lake, kwanza," alisema Siwema. "Siwezi kuanza na mengine kabla ya hilo."

Ephraimu akazungumza kwa sauti ya chini, macho barabarani. "Una hakika, Siwema?"

"Sina. Ninaogopa. Endesha."

Akaendesha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye gia, na Siwema hakuushika, kwa kuwa shangazi yuko nyuma na adabu ni adabu. Aliuweka wake pembeni tu, juu ya kiti, karibu. Kwa muda wote huo hadi Kaloleni Ephraimu alibadilisha gia kwa uangalifu mkubwa, asije akausogelea wala asije akauacha mbali.

Mzee Abdulrahman alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya duka, ametoka kuswali alasiri, tasbihi mkononi, majirani wawili pembeni yake. Land Rover ikasimama. Aliwaona watu wa nyuma wakiteremka, dada yake na macho mekundu, Abasi na sweta lisilo lake. Kisha akamwona binti yake akishuka mlango wa mbele.

Abasi alimwamkia. "Mzee, matembezi yalikuwa mazuri na Arusha nimeiona," alisema. "Mimi neno langu nimeliacha njiani. Mwenye neno ni Siwema."

Majirani walitaka kuinuka. Mzee akawaashiria wakae.

Siwema alisimama mbele ya baba yake. Nyuma yake injini bado ilikuwa ikinguruma. Ephraimu alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, tayari kukaa na tayari kuondoka.

"Baba," alisema, "yule garini anaitwa Ephraimu. Baba yake ni Mzee Anaeli wa Nkoaranga. Ninampenda, na nimempenda siku nyingi, na nilipoulizwa nilisema simjui. Ninamjua."

Tasbihi ilisimama. Mzee alimtazama binti yake kwa kitambo, na Siwema akaona macho ya baba yake yakilowa, akatamani ardhi immeze, lakini hakuinamisha kichwa.

"Ni Mkristo," alisema mzee.

"Ndiyo, baba."

"Unajua ninavyotakiwa kukujibu."

"Najua, baba."

"Na umemtaja hata hivyo. Hapa, mbele ya watu."

"Ndiyo."

Mzee Abdulrahman aliinuka, taratibu, akishikilia goti. Alilitazama lile gari la kijani, akamtazama yule kijana ndani yake, akavuta pumzi.

"Kamwambie azime gari," alisema.

"Baba?"

"Azime gari aingie ndani. Sijakubali kitu, Siwema, na huenda nisikubali. Lakini mtu uliyemtaja kwenye mlango wangu, sitamjibu akiwa barabarani."

Siwema aligeuka kwenda kumwambia. Ephraimu alikuwa amekwisha kusikia. Alizima gari, akavua kofia yake ya kazi, akashuka.